Moyo uko sawa, ila kuna U badala ya V

Wiki ya 20 nilienda kupiga altrasaundi nikiwaza jambo moja tu, wa kike au wa kiume. Daktari akapaka jeli, akahesabu vyumba vya moyo, vinne vyote vipo, saizi zake sawa. Nikashusha pumzi. Afu akapandisha kile kifaa juu kidogo kuelekea shingo ya mtoto, akanyamaza. Aliyewahi kulala pale kitandani anajua kimya cha daktari kinavyotisha.

Akanigeuzia skrini. Kumbe kawaida aota, yaani ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, na ule mshipa unaotoka kwenye ateri ya mapafu hukutana upande wa kushoto wa koo la hewa, ukiangalia unaona herufi V. Wangu alikuwa na U, na katikati ya ile U kuna kaduara keusi, ndo koo lenyewe la hewa, limezungukwa. Yaani aota imepitia kulia badala ya kushoto.

Nikauliza, sasa si umesema moyo uko sawa? Akasema moyo uko sawa kweli, shida iko kwenye mishipa inayotoka hapo juu, ndo maana anayeishia kwenye vyumba vinne na kufuta jeli hawezi kuiona. Na tumboni mtoto hasumbuki maana oksijeni anapata kwenye kondo, hapumui kwa mapafu, kasheshe likiwepo linaanza akishazaliwa, mishipa ikifunga pete inabana koo la hewa na umio, yaani njia ya chakula, mtoto anapumua kwa mkoromo au chakula kinakwama. Wengine lakini hawasikii kitu mpaka uzeeni. Akatafuta sana kama kuna aota mbili, moja kila upande, maana hiyo ndo hubana zaidi, akaona ni moja.

Tukashauriwa kupima na kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, kwa sababu baadhi ya watoto wenye hii kitu wanakuwa na kipande kilichopungua kwenye kromosomu ya 22. Kusubiri yale majibu sitaki hata kukuelezea. Yalitoka safi.

Sasa ana miezi mitano. Akilia sana kuna kamlio kanatoka kama filimbi, daktari wa moyo kasema tuangalie kama kanazidi hasa akianza kula vyakula vizito, kwa hiyo simu yangu imejaa rekodi za mtoto analia, na kila tukienda kliniki namchezeshea daktari moja moja mpaka anacheka.