Kumbukumbu ya mradi: chaja ya sola inayopima vitu viwili tu

Jumamosi, 7 Juni 2025

Paneli yangu ya wati 100 iko juu ya bati tangu mwaka jana, inachaji betri kupitia kichaja cha bei chee ambacho kazi yake ni kuunganisha na kukata, basi. Kibandiko cha nyuma ya paneli kinasema nguvu kubwa inapatikana kwenye volti 18 na ampea 5.5. Kichaja kinaiburuta paneli hadi volti za betri, tuseme 13, na ampea zinabaki karibu zile zile. 13 mara 5.5 ni wati 71 na ushee. Kwa hesabu za karatasi, wati 27 zinaanikwa juani bure kila adhuhuri. Hapa Dodoma jua la kiangazi halina mchezo, imeanza kuniuma.

Kwa hiyo najenga kishusha volti: mosfeti mbili za IRFZ44N (swichi za kielektroniki), moja juu na moja chini, zinaendeshwa na chipu ya IR2104, na Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kwenye bodi, ndiyo yenye maamuzi. Koili nimeisokota mwenyewe kwenye ile pete ya njano yenye uso mweupe, nimeitoa kwenye pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Mizunguko 33, nyaya mbili za milimita 1 zikilala pamoja, nikapata kama mikrohenri 100. Vidole bado vinauma.

Michoro karibu yote niliyoipitia inapima vitu vinne: volti za paneli, ampea za paneli, volti za betri, ampea za betri. Nimefuata bila kuuliza. Za ampea nimeweka vibao viwili vya ACS712, vya ampea 20.

Jumamosi, 14 Juni

Inachaji. Ila haitulii.

Programu inafanya kama wengi wanavyofanya: sogeza kidogo, pima nguvu, ikipanda endelea, ikishuka rudi ulikotoka. Shida ni kwamba kipimo changu hakioni tofauti ndogo. ACS712 ya ampea 20 inatoa milivolti 100 kwa kila ampea. Nano inakata volti 5 katika vipande 1,024, kipande kimoja milivolti 4.9, yaani karibu milliampea 49. Zidisha kwa volti 18 za paneli, kipande kimoja ni karibu wati nzima! Sasa pale karibu na kilele, yaani pale nguvu ya paneli inapokuwa kubwa kuliko zote, hatua moja kushoto au kulia inabadilisha nguvu chini ya hapo. Programu inatembea gizani, na juu yake kuna kelele za swichi zinazowaka na kuzimika mara 31,000 kwa sekunde.

Halafu kuna kituko cha USB. Nikichomeka laptopu namba zinabadilika, nikiitoa zinabadilika tena. Nimepoteza saa mbili nikichomelea upya maungio ambayo hayakuwa na kosa. Kumbe Nano inapima kila kitu ikilinganisha na ile volti 5 yake, na volti 5 ya laptopu si volti 5 ya regyuleta. Rula yenyewe ilikuwa inarefuka na kufupika.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima nimekaa na daftari badala ya pasi ya kuchomelea. Nadhani ndiyo wiki yenye faida kuliko zote.

Jambo la kwanza: betri ya asidi haibadilishi volti zake ndani ya sekunde moja, labda uichokoze kwa makusudi. Kama volti za betri zimetulia, nguvu inayoingia kwenye betri inapanda na kushuka sawasawa na ampea zake. Sihitaji kuzidisha chochote. Nitafute pale ampea za betri zinapokuwa nyingi kuliko zote, nitakuwa nimefika kilele cha paneli, au karibu yake kiasi cha kutolalamika.

La pili: volti za paneli ninazo tayari, nimezifanya siri mwenyewe tu. Kishusha volti kina uhusiano wake: volti za kutoka ni volti za kuingia mara ile sehemu ya muda ambayo swichi ya juu inawaka. Sehemu hiyo ni mimi ninayeiandika kwenye programu! Betri ikiwa 13 na swichi ya juu inawaka asilimia 72 ya muda, paneli iko kama 18. Ampea za paneli nazo ni ampea za betri mara 0.72. Upotevu unaleta hitilafu ndogo, lakini hizo ni namba za kutazama, si za kuamulia.

Vipimo viwili vya upande wa paneli vimeng'oka leo. Vimebaki volti za betri na ampea za betri.

Kwa volti nimeweka rezista mbili, kilo-ohmu 15 na 1, na nimeiambia Nano itumie rejea yake ya ndani ya volti 1.1 badala ya ile 5. Rejea hiyo inatofautiana kutoka chipu hadi chipu, kokote kati ya 1.0 na 1.2, lakini yako ikishakuwa 1.08 haiyumbi hovyo kwa sababu umechomeka laptopu. Unapima mara moja kwa mita, unaandika namba kwenye programu, umemaliza. Kila ngazi ni milivolti 17 za betri. Inatosha kabisa kwa betri ninayoikatia chaji kwenye 14.4.

Jumapili, 29 Juni

Leo nilitaka kuwa mjanja zaidi: nisiweke kipimo cha ampea kabisa. Koili yenyewe ni waya, na waya una ukinzani. Yangu ina kama milliohmu 20, kwa hiyo ampea 5 zinaacha milivolti 100 juu yake. Unaunganisha rezista na kapasita sambamba na koili, na volti inayotulia kwenye kapasita ni ampea mara ukinzani wa waya. Hakuna kifaa kipya kwenye njia ya mkondo, hakuna joto la ziada. Ukitaka ifuate na mabadiliko ya haraka, rezista mara kapasita iwe sawa na koili gawanya kwa ukinzani wake. Kwangu ni milisekunde 5, nikatumia kilo-ohmu 4.7 na mikrofaradi 1. Isipolingana vizuri, wastani bado unakuwa sahihi, na mimi nataka wastani tu.

Ni wazo zuri mno. Limenishinda.

Milivolti 100 hizo zimepanda juu ya volti 13 za betri. Ni kama kupima unene wa kofia ya mtu aliyesimama juu ya ghorofa. LM358 yangu, chipu ya kukuza volti ndogo, inatakiwa itoe 13 kwa 13 ibaki na tofauti, na inafanya hivyo kwa rezista nne ambazo lazima zifanane. Za dukani ni za asilimia 1. Asilimia 1 ya volti 13 ni milivolti 130, kubwa kuliko ishara yote ninayoitafuta. Bila mkondo wowote ilinisomea ampea 1.8. Ukiweza kuifuta hiyo kwenye programu, bado shaba inaongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto, na koili yangu adhuhuri huigusi mara mbili. Ikipanda digrii 50, kipimo kinakudanganya kwa asilimia 20.

Kuna chipu za kazi hii, zimetengenezwa zikiwa na rezista zinazolingana ndani kwa ndani. Mtaani kwetu hazipo, na kuagiza ni kusubiri.

Jumamosi, 5 Julai

Nimerudi kwenye njia ya wazee: rezista ndogo ya milliohmu 10 kwenye waya wa hasi wa betri. Nimeibandua kwenye bodi ya laptopu iliyokufa, imeandikwa R010. Ampea 5 zinaacha milivolti 50 na joto la robo wati. Hakuna ghorofa wala kofia, kila kitu kiko chini karibu na sifuri, mahali ambapo LM358 inapenda kukaa. Nikakuza mara 20, ampea 5 zikawa volti 1 kamili. Kila ngazi sasa ni milliampea 5 na kidogo. Ilikuwa 49.

Jambo moja dogo la kukumbuka: hasi ya betri sasa iko juu kidogo ya hasi ya Nano, milivolti 50 kwenye ampea 5. Programu inaitoa kwenye usomaji wa volti. Mstari mmoja.

Saa saba mchana ilikamata kilele ikatulia. Nimekaa nayo nusu saa nikiitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Imelipuka.

Sikukuu, jua kali, mambo yanakwenda. Nikachomoa waya wa paneli nimwonyeshe mdogo wangu jinsi ampea zinavyoshuka hadi sifuri. Zikashuka. Nikawa naongea. Baada ya sekunde kadhaa, paa! Kapasita ya mlangoni mwa chaja, upande wa paneli, ya volti 35, imepasua kichwa, ukumbi una harufu ya samaki aliyeoza, mosfeti ya juu imeshikana, fyuzi ya ampea 10 imekwenda. Mdogo wangu akasema, "Kaka, hii ndiyo sifuri yenyewe?"

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa jirani anayetengeneza redio tangu enzi za valvu. Nikampa shikamoo, nikamweleza toka mwanzo. Akawa anageuzageuza ile mosfeti iliyokufa.

"Betri ilikuwa imeunganishwa?"

"Ndiyo mzee, betri haitoki."

"Na mkondo ukitoka kwenye betri kurudi kwenye paneli, kipimo chako kinasema nini?"

"Kinasema sifuri."

"Basi mwanangu, kipimo hicho hakijui kuhesabu chini ya sifuri. Wewe uliona utulivu, kumbe mto umegeuka."

Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu, ikakaa. Kishusha volti chenye mosfeti mbili, ukikitazama kutoka upande wa betri, ni kipandisha volti. Volti zinazorudi upande wa paneli ni volti za betri gawanya kwa ile sehemu ya swichi ya juu. Kwa asilimia 70, 12.8 inakuwa 18, salama. Lakini programu yangu ilikuwa inaona sifuri kila inapogeukia, ikaendelea kutangatanga kwenda chini. Kwa asilimia 35 ni volti 36 na ushee, kapasita imeshaaga. Kwa asilimia 20 ni 64, na IRFZ44N mwisho wake ni 55. Paneli ingekuwapo ingekula huo mkondo. Sikuwa nayo, nilikuwa nimeishika mkononi.

Kosa halikuwa uchache wa vipimo. LM358 yenye umeme wa upande mmoja haiwezi kushuka chini ya sifuri, na mimi nilikuwa nimeisimamisha sifuri ya ampea palepale ukutani.

Dawa ni rezista moja ya kuinua sifuri. Bila mkondo, LM358 sasa inatoa volti 0.2. Nimepunguza ukuzaji hadi mara 10 ili hata ampea 7.6 za betri (wati 99 gawanya kwa 13) zibaki chini ya 1.1. Inaona hadi ampea 1 na zaidi ya kurudi nyuma. Na kuna faida ambayo sikuitafuta: LM358 ina kasoro yake ya kuzaliwa ya milivolti chache mlangoni, ambayo kwa milliohmu 10 ni kama ampea 0.3 za uongo. Sifuri ikiwa juu, kila swichi zinapozimwa programu inasoma sifuri halisi na kuitumia.

Programu inatazama ampea kila milisekunde 1. Zikienda chini ya sifuri, inazima IR2104 papo hapo. Nilihofia haitawahi, lakini kapasita ya mikrofaradi 470 ikijazwa na ampea 2 kutoka volti 18 inachukua karibu milisekunde 9 kufika 55. Muda upo. Kapasita mpya, hata hivyo, ni ya volti 63. Nimechoka na harufu.

Jumamosi, 26 Julai

Nimechomoa paneli mara arobaini. Imezima mara arobaini. Mdogo wangu alikuwa anahesabu kutoka mlangoni, hakubali kukaribia.

Bado kuwasha. Mazoea ya kila mtu ni kuanza taratibu, asilimia sifuri ukipanda. Kwenye chaja hii ni hatari ile ile, asilimia ndogo ni kipandisha volti cha kurudi nyuma. Nimegeuza: inaanza asilimia 95. Hapo paneli inavutwa chini hadi 13 na kidogo, na paneli ukiivuta haikuumizi, inatoa ampea zake ilizonazo basi. Kutoka hapo programu inateremka kutafuta kilele.

Na kwa kuwa sina kipimo cha volti za paneli, chaja inajuaje kumekucha? Inabisha hodi. Kila dakika moja inawasha kwa asilimia 95 kwa muda mfupi sana na kutazama ampea. Zisipofika 0.3 inazima na kurudi kulala. Zikifika, imekaribishwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliamka mapema kuisubiri, na koti. Upepo wa Agosti hapa unajulikana. Saa moja kasoro dakika kumi, hodi: ampea 0.04. Saa moja kamili: 0.11. Jua likapita juu ya ukuta wa jirani saa moja na dakika kumi na saba: 0.34, na taa ya kijani ikawaka ikabaki imewaka.

Dakika mbili baadaye ikazima. Kunguru alikuwa amekaa katikati ya paneli.