Nilivyoipita hita ya Land Rover 109 bila kuiua injini

Ingia gereji yoyote Tabora useme hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, inavuja, utajibiwa hivi: "Ziba mipira yake, na hiyo thermostati toa kabisa, huku kwetu hakuna baridi." Kuhusu baridi wako sahihi, ukiacha Kasulu alfajiri ya mwezi wa saba. Hayo mengine, kuziba mipira na kutoa thermostati (vali inayofungua njia ya rejeta injini ikipata moto), ndiyo yanayounguza gasketi za watu.

Gari ni Series III ya petroli, injini ya cc 2,286. Hita ilikuwa imetoboka: kioo cha mbele kinaota ukungu jua likiwaka, na ndani kunanuka utamu wa kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini. Mpira mmoja hutoa maji ya moto kwenye silinda hedi kwenda kwenye hita, wa pili huyarudisha upande wa wota pampu unaonyonya. Kufungua hakuna elimu kubwa, ila mpira mkongwe usiuvute kwa plaizi. Uchane kwa wembe kwa urefu, kwa sababu bomba lililo chini yake likipinda umejiongezea kazi.

Fundi mmoja alikuwa ameshaizibia kwa bolti iliyosukumizwa ndani ya mpira, juu yake waya wa kufungia nondo. Mjini ilitulia. Lakini mfuniko wa rejeta yangu ni wa 9, yaani unashikilia paundi 9 kwa kila inchi ya mraba, na maji yakikaribia nyuzi 90 mpira unalainika. Waya unaukata kwa nje, bolti inateleza kwa ndani. Tulipopita Urambo ikachomoka, maji yakamwagika yote barabarani, na fundi kwenye simu anauliza kama waya niliufungua mimi! Kama ni lazima kuziba, toa nipo (kibomba kifupi kinachovishwa mpira) kwenye chuma chenyewe uweke plagi ya kukaza kwa skrubu. Mpira usiupe kazi ya kuwa kizibo.

Mimi niliunganisha: maji yatoke kwenye hedi yarudi moja kwa moja kwenye pampu. Mpira ni wa nusu inchi kwa ndani, ule wenye nyuzi katikati ya tabaka zake. Wa bustani usithubutu, ukipata moto unakuwa kama tambi. Tatizo likawa kona. Mpira ulionyooka ukiukunja ghafla unabonyea, na ukipata joto unajifunga kabisa. Dawa nikaipata kwa fundi friji, si kwa fundi magari: bomba la shaba la nusu inchi, ambalo wao hulipima kwa nje, kwa hiyo linaingia mpirani likiwa limebana. Akalikunja kwa springi yake lisibonyee, kisha akazitanua ncha zote mbili kidogo, kiasi cha ukingo unaousikia kwa kucha. Ukingo huo ndio unaozuia mpira kuchomoka. Klipu ikae nyuma yake, isikae juu yake.

Mjini mambo safi, lakini kwenye kilima cha kutoka Kigoma mshale wa temprecha ukawa unapanda kuliko zamani. Sababu ni kwamba hita ina vijibomba vyembamba vinavyoyabana maji. Ukiitoa, maji ya moto yanapata njia pana ya kurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Ili kuibana njia hiyo tena, nikachukua kipande kifupi cha brasi kinachoingia mpirani kwa kubana, nikakitoboa katikati kwa drili ya milimita 6, nikakisukuma ndani na kukikazia klipu kwa nje kisitembee. Chuma cha kawaida hakifai, kutu itakiziba. Tangu hapo mshale umerudi mahali pake. Kwa jumla sikufika elfu thelathini, ukitoa soda ya fundi friji.

Thermostati niliiacha, na hapo ndipo nilipobishana na watu. Kwenye injini hii kuna njia ndogo ya maji kati ya nyumba ya thermostati na pampu. Thermostati yake sahihi ina shati, yaani mkanda wa bati unaoizunguka, linaloiziba njia hiyo thermostati inapofunguka. Ukiitoa, njia inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inazunguka bila kupoa. Asubuhi injini inachelewa kupata moto na kunywa mafuta, mchana mlimani inachemsha. Kwa hiyo hata ukinunua mpya, iangalie kama ina shati.

Kujaza, paki gari pua ikiwa juu kidogo, mimina polepole (mfumo mzima unakaribia lita 10), washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, uminye mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara mpaka viputo viishe. Mpira huo ukipata moto ghafla, thermostati imefunguka. Ongeza, kisha funga. Mfuniko uwe mzima. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini ikipoa, kaza klipu tena, maana mpira mpya hulegea ukionja moto.

Kuna jambo moja unalipoteza: hita nzima ikiwashwa hadi mwisho ni rejeta ya akiba gari likianza kuchemsha. Kama yako haijatoboka, iache. Kama imetoboka, puliza maji yote yaliyobaki ndani, halafu vifunike vinywa vyake viwili, la sivyo manyigu watajaza tope humo kabla hujapata nyingine.