Jumatano yangu, kliniki ya sukari na presha

Saa 11 alfajiri. Upepo wa kusi umevuma usiku kucha na Mikindani yote imejikunyata. Watu wa nyanda za juu wakisikia nasema Mtwara kuna baridi wanacheka, lakini njooni mlale karibu na maji mwezi wa saba halafu mniambie. Nimebandika chai, nikafunga na ming'oko, mizizi yetu ya porini, iliyobaki jana, kwa sababu Jumatano hakuna ajuaye atakula saa ngapi. Mimi ni nesi. Kituo changu kiko nje kidogo ya mji na sikitaji, maana nikikitaja mfawidhi atapiga simu kabla chai haijapoa.

Saa 12 na nusu. Dereva wangu wa bodaboda ana pumu, na huu ni msimu wa salfa. Aliyekulia kwenye mikorosho anajua: maua yakianza kutoka, ubwiriunga, ule ukungu unaoyashambulia, nao unanyemelea, basi mashine zinanguruma mashambani na unga wa njano unatanda hewani. Kijana anavaa barakoa aliyoizoea tangu enzi za korona. Nikamuuliza kama alichanja kipindi kile. "Dada, mimi si mtoto," akanijibu. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nayahesabu. Leo yeye ni wa kwanza.

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kusalimia mtu naenda kwenye jokofu la chanjo. Nyuzi 4.6. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8, na tunaandika asubuhi na jioni, sikukuu na siku za kazi. Watu wanadhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Joto tunaliona: kila kichupa kina kialama cha mduara wenye mraba katikati, mraba ukishafanana rangi na mduara wake, kichupa hicho ni cha kutupa. Baridi ndiyo inayofanya mambo yake kimyakimya. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ukiwa na wasiwasi unachukua kichupa kingine cha aina hiyo hiyo, unakigandisha makusudi na kukiyeyusha, unavitikisa vyote viwili, kisha unaviweka mezani na kutazama. Kama chako kinatuama haraka sawasawa na kile ulichokiua, basi chako nacho ni marehemu.

Saa 2. Benchi limejaa. Wengi wamekuja bila kunywa chai, na mwenye njaa hana subira, kwa hiyo tunaanza na vidole. Mama mmoja akaniambia kwa fahari kwamba yeye sasa hana shida ya foleni, mwanawe kamletea kimashine cha sukari kutoka Dar na jirani zake watatu wanapimia kwake. Nikamuuliza, na ile kalamu ya kuchomea kidole? Hiyo hiyo moja. Sindano yake? "Naifuta na pamba yenye spiriti, mwanangu, mimi msafi."

Nilimvuta pembeni. Kimashine kugawana si hoja sana kikisafishwa vizuri, lakini kalamu na sindano yake ni za mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba vikiwa hai, na tone la damu usiloliona kwa macho linatosha. Ndiyo maana Marekani, tangu mwaka 2011, watu wazima wenye kisukari walio chini ya miaka 60 wanashauriwa kuchanjwa homa ya ini B. Wajukuu wa mama huyu wameipata ndani ya chanjo zao za utotoni. Yeye na jirani zake hawana, kwa sababu walipokuwa wachanga haikuwamo. Ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mtu mzima hupimwa damu kwanza, na mara nyingi hulipia. Mama akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa nitawaambiaje?" Hilo, kusema kweli, sikuwa na jibu lake. Mtwara ukimnyima jirani kitu ulichokuwa ukimpa, kijiji kizima kina habari kabla ya adhuhuri. Tukakubaliana kila mmoja aje na sindano zake na kalamu yake, na lawama anitupie mimi.

Saa 4. Elimu ya afya. Dakika kumi na tano nikiwa nimesimama mbele ya benchi. Niliuliza nani ana kadi ya chanjo, wakanitajia za watoto wao. Babu mmoja akasema chanjo ya mwisho aliyoiona ilimwachia kovu begani. (Ndui, nadhani, kwa lile kovu.) Nikawakumbusha 2021: Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai, waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Yaani benchi hili hili. Kwa nini?

Nikawaeleza jinsi ninavyoielewa mimi. Sukari ikikaa juu muda mrefu, askari wa mwili wanakuwa wazito. Adui akiingia, mwili unamwaga sukari zaidi kwenye damu hata kama hujatia kitu mdomoni, kwa hiyo ugonjwa mmoja unaulisha mwingine. Mwenye moyo au presha naye, mafua makali ya influenza, siyo haya ya vumbi, yanaweza kumwamshia shambulio la moyo ndani ya siku chache. Chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi vyake havitulii. Haimo katika ratiba yetu ya kawaida, mwenye uwezo aulizie hospitali za kulipia. Ya kichomi cha vijidudu vya nyumokoka, watoto wetu wanapata bure tangu 2013, na hapo nikawaambia kitu kilichowachekesha: vijidudu hivyo makazi yake ni pua za watoto, kwa hiyo mjukuu anayekupigia chafya usoni akiwa amechanjwa, na wewe umepunguziwa balaa.

Bibi mmoja akauliza kama ni salama kwa mtu anayekunywa dawa nyingi. Swali zuri kuliko yote. Nikamjibu kwamba nyingi ni salama, ila zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya homa ya manjano, mwenye kinga iliyoshuka sana hachomwi mpaka daktari aseme. Ndiyo maana tunawataka waje na kadi ya dawa.

Saa 5 na nusu. Sasa huyu mzee. Aliingia na mkewe, na mkewe ndiye aliyesema, "Nesi, mwambie avue kiatu." Alikanyaga kisiki shambani siku tano zilizopita akisafisha chini ya mikorosho, akiwa peku. Hakusikia maumivu. Aligundua jioni alipoona kanga ya kitandani ina damu. Kidonda chini ya kidole gumba, upana wa shilingi mia, kingo zimepauka, ndani kuna chembe za udongo mwekundu. Nilikisafisha polepole kwa maji ya chumvi na yeye alikuwa akinisimulia bei ya korosho, hata kukunja uso hakukunja. Miguu ya sukari ndivyo ilivyo, kengele yake imekatwa waya.

Nikauliza chanjo ya pepopunda. Mzee akaniangalia kama nimemuuliza ana mimba ya miezi mingapi. Mke akacheka, akafungua pochi, akatoa kadi ya kliniki iliyochakaa ikiwa kwenye nailoni. "Mimi ninazo tano. Watoto watano. Yeye hana hata moja."

Nalisema kila ninapopata nafasi: pepopunda tumeifanya ugonjwa wa wajawazito na vichanga. Mama anachanjwa kliniki, anarudi, anachanjwa tena. Mume ndiye anayeshika jembe, panga na visiki, udongo ndio makazi ya vijidudu vyenyewe, na tangu atoke jando hajakutana na sindano. Muongezee sukari na kidonda asichokisikia.

Nikaenda chumba cha mama na mtoto kuomba dozi moja. Mwenzangu akasita, kwa sababu kichupa kina dozi kumi na tunaagiza kwa kuhesabu wajawazito. Tukabishana kidogo, kwa heshima. Kichupa cha pepopunda kikifunguliwa na kutunzwa vizuri kinaendelea kutumika hadi siku 28, hakuna kitakachomwagika. Akanipa. Hakufurahi sana, lakini akanipa.

Daktari alimwona mzee akaandika rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, kesho asubuhi, kwa ajili ya kidonda na pia kinga ya haraka ya pepopunda, ambayo sisi hatuna. Nikamwelewesha mzee kwamba sindano yangu haifanyi kazi leo: mwili unahitaji wiki kadhaa kujifunza, ya pili anachomwa baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita. Hii ni ya visiki vijavyo. Akauliza kama wiki nne zinaangukia siku ya salfa. Nikamwambia zikiangukia, salfa ingoje. Bega la kushoto, nusu mililita, robo saa kwenye benchi tukimtazama. Mkewe alikaa karibu naye kama mtu aliyeshinda kesi.

Saa 8. Ming'oko imepoa na chai imekuwa maji. Nimekula nimesimama.

Saa 9 na nusu. Nyuzi 5.1. Nimeandika tarehe ya leo kwenye kile kichupa kwa kalamu ya wino mzito, nikakirudisha mbele ya wenzake ili kitumike kwanza. Kwenye daftari la kliniki nikapiga mstari kwa rula na kuongeza safu moja pembeni: CHANJO. Hakuna aliyeniagiza. Safu ina jina moja tu lenye alama, na dereva wangu wa bodaboda nimemwandika chini kabisa kwa penseli.

Saa 2 usiku. Simu. Ni yule mama mwenye kadi kwenye nailoni, namba nilimpa mwenyewe. "Mwanangu, samahani kwa usiku. Mzee anasema mkono unamuuma pale ulipomchoma, anauliza kama kesho bado kuna haja ya kwenda Ligula."

Nikamwambia ampe pole, mkono kuuma siku moja mbili ni kawaida. Lakini unaokwenda Ligula ni mguu.