Omba Karatasi, Usiombe Sababu: Tulivyoandaa Siku ya Warsha za Haki Tanga

Siku ya warsha za wanafunzi tunaijua wote: ukumbi mmoja, viti vya plastiki, mgeni rasmi aliyechelewa, hotuba sita, soda ya moto, picha ya pamoja, kila mtu kwao. Zamu ilipotufikia sisi kuandaa ya chuoni kwetu hapa Tanga, tuliweka sharti moja kabla hata ya kutafuta vyumba: kila warsha iishe na karatasi iliyoandikiwa mtu anayepaswa kuijibu. Anayetaka kuendesha warsha atuambie kwanza karatasi yake inakwenda kwa nani. Akishindwa, hapati chumba.

Sharti hilo lilipunguza mada upesi kuliko kikao chochote. Mapendekezo yalikuwa mengi na mazito: ubeberu, tabianchi, mfumo mzima wa elimu. Wenye mada hizo ni wasemaji hodari, lakini swali la barua kwenda kwa nani liliwakwamisha. Zikabaki nne: kuomba taarifa kutoka ofisi za umma, haki za kibarua kazini, mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na hatua za kuchukua mtu akifanyiwa ukatili wa kijinsia. Tukapanga watu 120, nusu wanafunzi, nusu vijana wa Makorora, Mabawa, Mikanjuni na Sahare. Vyumba vinne, watu 30 kila kimoja, awamu mbili, kwa hiyo kila mshiriki anapita vyumba viwili. Wakizidi 30 inakuwa mhadhara, na kwenye mhadhara anayeandika ni mmoja tu.

Maandalizi yalianza wiki 8 kabla. Ijumaa kwa Tanga haina mjadala, Jumapili wengine wako kanisani, ikabaki Jumamosi. Tuliepuka Machi hadi Mei kwa sababu ya masika: vyumba vyetu ni vya bati bila dari, na mvua ikishika mwezeshaji anabaki kuchezesha midomo.

Kuhusu kibali, wengi hudhani ujanja ni kulificha neno uanaharakati. Sisi tulimpelekea mshauri wa wanafunzi kila kitu: ratiba, mada, majina ya wawezeshaji, na sentensi moja kwamba hakuna chama cha siasa kinachoshiriki wala sare ya chama itakayovaliwa. Kibali kilitoka. Lilikuwepo pia wazo la matembezi kutoka getini hadi viwanja vya Tangamano. Hilo lina sheria yake: kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi kinataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi asubuhi unafika Alhamisi asubuhi, maana yake barua iwe mezani Jumatano, siyo Alhamisi ndiyo uanze kutafuta mhuri. Mwishowe matembezi tuliyaacha kwa hesabu ya watu tu: yalihitaji wasimamizi 10 wa barabarani, na wanane kati ya hao walikuwa ndio wawezeshaji wetu.

Wawezeshaji ni wawili kila chumba. Mmoja anaongoza, wa pili anaandika na kutazama saa. Wote wanane walifanya mazoezi mara mbili, na mara zote mbili mbele ya watu wasio wanafunzi, kwa sababu hapo ndipo lugha huumbuka. Mtu amesoma sheria kwa Kiingereza miaka mitatu; akibanwa na swali anakimbilia hukohuko. Mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na geti alikubali kukaa kama msikilizaji, na kila aliposema "maana yake nini hiyo, mwanangu?" neno lilibadilishwa papo hapo. "Mlalamikiwa" akawa "unayemlalamikia". "Ukomo wa muda" ukawa "siku ya mwisho ya kupeleka". Projekta hatukutumia. Kila chumba kilipewa karatasi 8 za bango kitita na maka peni tatu, nyeusi mbili na bluu moja. Nyekundu waachie walimu wa kusahihisha, kutoka safu ya nyuma haisomeki.

Chumba cha taarifa ndicho kilichotufundisha zaidi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu, na mwombaji anaweza kuomba mkuu wa taasisi alipitie upya ombi lake. Zingatia hilo neno raia: wenzetu waliotoka nchi jirani waliandika na kuhariri, ila hawakusaini.

Watu 30 waligawanywa makundi sita ya watano watano, kila kundi likachagua jambo moja la mtaani: mtaro, choo cha shule, taa za barabarani. Dakika 20 za mwanzo huwa zinaliwa na kosa moja, nalo ni kwamba watu wanaandika lalamiko wakidhani ni ombi. Rasimu ya kwanza ya kundi la mtaro ilisema hivi: "Tunaomba kujua kwa nini mtaro wetu haujengwi wakati fedha zilishatolewa." Barua hiyo ina jibu lake tayari, tena la maneno mawili: suala linashughulikiwa. Ikabandikwa ukutani, ikachambuliwa neno kwa neno. "Kwa nini" inaomba maelezo, na maelezo anaweza kuyatunga yeyote. "Mtaro wetu" haupo kwenye jalada lolote la masijala. "Fedha zilishatolewa" ni tuhuma, na kundi halikuwa na hata karatasi moja ya kuithibitisha. Aliyeisema aliisikia kijiweni.

Baada ya kuandikwa upya mara mbili ikawa: "YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU UJENZI WA MTARO. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba (1) nakala ya mkataba wa ujenzi, (2) kiasi kilichotengwa kwenye bajeti ya mwaka wa fedha husika, (3) kiasi kilicholipwa hadi tarehe ya barua hii, na (4) tarehe ya kukamilika iliyoandikwa kwenye mkataba." Vitu vinne, na kila kimoja kama kipo basi kiko kwenye faili. Omba karatasi, usiombe sababu. Sababu utaisoma mwenyewe ukishaipata karatasi. Angalia pia "tunaomba" ilivyogeuka "ninaomba". Barua inasainiwa na mtu mmoja mwenye jina kamili, anwani na simu, maana "wananchi wa Makorora" hawana sanduku la posta.

Chumba cha kazi kilijaa kuliko vyote, na mji wa mkonge, viwanda na bandari ulitegemea nini kingine? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandikwa kwenye bango moja: saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, likizo siku 28. Hayo watu huyashika haraka. Panapowamaliza ni kwenye siku. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1. Migogoro mingine siku 60. Na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo halali haimfikii, jambo ambalo ni afadhali alijue kabla ya kupoteza nauli. Kwa hiyo zoezi lilikuwa kalenda ya ukutani: kila jozi inapewa tarehe ya kufukuzwa, izungushie duara siku ya mwisho. Wengi walihesabu siku za kazi wakaruka Jumamosi na Jumapili. Wengine walianza kuhesabu tangu bosi alipoacha kupokea simu. Karatasi ya chumba hiki ilikuwa barua kwa mwajiri kuomba maelezo ya ajira kwa maandishi, ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe.

Cha mikopo hakina mengi. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba, na barua ya kuomba mwongozo inakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Tangazeni mlangoni kwamba leo hakigawiwi kitu. Tulichelewa kulisema, wakaja watu na vitambulisho mkononi.

Chumba cha ukatili kina masharti yake. Simu zote ndani ya kapu, hakuna picha, na mwezeshaji haulizi "nani yamemkuta?" Wawezeshaji wote wawili walikuwa wanawake, na afisa ustawi wa jamii alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Bango lilikuwa na mistari minne: aliyebakwa awahi hospitali, kwetu ni Bombo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, asioge wala kufua nguo kabla, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, kwa mtoto, simu 116. Pembeni tuliandaa chumba kidogo chenye viti viwili na jagi la maji, kwa atakayetaka kusema. Kosa letu: mlango wake ulitazama foleni ya chai, kwa hiyo kila aliyeingia alionekana na watu 60. Awamu ya pili tulihamia stoo ya nyuma. Barua ya chumba hiki ilikwenda kwa uongozi wa chuo, kuomba jina na namba ya mtu wa kupokea taarifa vibandikwe kila bweni.

Kosa jingine ni la daftari la mahudhurio. Karatasi yenye majina na namba za simu inazunguka chumba kizima, na jioni wasichana wanaanza kupokea ujumbe wa "mambo, tulikuwa wote warshani". Tangu kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si la kuchekea tena. Jina liandikwe daftarini. Namba iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kutumbukizwa kwenye boksi lililofungwa.

Ratiba ilikaa hivi: kujisajili saa 2:00, awamu ya kwanza saa 3:00 hadi 4:30, chai dakika 20, awamu ya pili saa 4:50 hadi 6:20, kisha swala na chakula hadi saa 8:00, mrejesho hadi saa 9:15, kabla ya alasiri. Watu hufuata marafiki, basi mlangoni tuligawa kadi za rangi, 30 kila rangi kwa kila awamu. Kadi za kijani zikiisha zimeisha.

Chakula ndicho kingetuvunjia ratiba. Kilo moja ya mchele ni watu saba, kwa hiyo watu 130 pamoja na wasaidizi ni kilo 19, nyama kilo 15, na chungwa la Muheza kwa kila mmoja. Upishi haukuwa tatizo, kupakua ndiko. Sekunde 20 kwa sahani, mara watu 120, ni dakika 40 kamili kama mnapakua sehemu moja. Tulipakua sehemu mbili, watu wakipita pande zote za meza, na waliokuwa wanatoka msikitini wakakuta sahani zao zimefunikwa.

Mgeni rasmi tulimwalika mwisho, saa 8:30, kwa kazi moja ya kupokea nakala za barua mbele ya watu. Dakika 10 zilimtosha. Wageni wengine waliandikiwa kabisa kwenye mwaliko kiasi cha nauli watakachopewa na kwamba posho haipo. Mmoja hakuja.

Makundi 12 ya chumba cha taarifa yalitoa barua 11, kwa kuwa mawili yaliuliza kitu kimoja. Kila barua ilipelekwa kwa mkono Jumatatu, nakala mbili: moja inabaki masijala, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi moja ilidai mhuri uko kwa mtu aliye safarini. Pale aliyepokea aliandika jina, cheo, tarehe na kusaini. Siku 30 tulizihesabu kuanzia hapo.

Tulichokisahau ni likizo. Siku ya 30 iliangukia wanafunzi wakiwa wametawanyika, na barua sita zilikuwa na anwani ya chuo, ambako hakuna aliyefungua sanduku hadi muhula mpya. Zile tano zenye anwani ya mkazi wa mtaa, majibu yalipokuja kulikuwa na mtu wa kuyapokea.