Zamu ya mchana katika chumba cha kujifungulia

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Mzazi aliyebaki kitandani ni wa uzazi wa kwanza, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4. "Sista, bado kidogo?" Simdanganyi. Kabla ya sentimita 5 hakuna anayeweza kukupangia muda. Namwambia anywe maji, ale kidogo, atembee.

Saa 3:00. Anazunguka na mama yake. Mapigo ya moyo wa mtoto ni 138. Yakiwa kati ya 110 na 160 nafsi yangu imetulia.

Saa 5:00. Sentimita 5. Sasa uchungu umekolea, na chati ya kufuatilia uchungu naanza kuijaza. Kwa uzazi wa kwanza, kutoka hapa hadi 10, yaani mlango ukiwa umefunguka wote, kwa kawaida hakuzidi saa 12. Tulipokuwa chuoni tulikaririshwa sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kipimo hicho kisiwe sheria kwa kila mama, nami nilifurahi, maana kuna waliokuwa wakiharakishwa bure.

Saa 9:00 alasiri. Sentimita 8. Yule mpole wa asubuhi amemfukuza mama yake, kisha akamwita kabla hajafika mlangoni. "Siwezi tena!" Wakunga tukisikia hivyo tunajua safari imekaribia mwisho, ila si maneno ya kumwambia mtu saa hiyo. Namsugua kiuno tu.

Saa 10:30. Sentimita 10. Wengi hudhani hapo ni kusukuma papo hapo. Hapana, tunangoja mwili wenyewe umtume. Amechagua kulala ubavu. Moyo wa mtoto sasa nausikiliza kila dakika 5.

Saa 11:40 jioni. Msichana! Analia, namweka kifuani kwa mama yake. Mama anachomwa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 pajani. Kitovu sikikati kwanza. Nasubiri dakika moja hadi tatu, damu iliyomo imfikie mwenyewe.

Bibi anapiga vigelegele, na macho ya wote yako kwa mtoto. Yangu yako kwenye damu. Ukiniuliza hatua inayonitoa jasho, si kusukuma, ni hii ya kondo la nyuma. Limetoka baada ya dakika kumi hivi. Naligeuza pande zote, kwa sababu kipande kikibaki ndani mji wa mimba haukazi, na usipokaza damu haikatiki. Ikizidi mililita 500 hiyo ni dharura. Leo haijafika huko.

Saa 12:30. Mtoto ananyonya, na kunyonya kwenyewe kunasaidia mji wa mimba kujikaza. Kila dakika 15 nabonyeza tumbo chini ya kitovu cha mama: mji huo uwe mgumu kama paji la uso.

Saa 1:00 usiku. Nakabidhi. Mwenzangu namsisitizia jambo moja: mama bado hajakojoa. Kibofu kikijaa kinausukuma mji wa mimba na kuuzuia kukaza, kwa hiyo amsaidie kwenda msalani kabla ya kumwacha alale.