Siku niliyokata simu kwa sababu ya "put"

Hii ni ya zamani kidogo ila bado iko kichwani kama jana. Nilikuwa nimeomba kazi nikaambiwa nipige simu ofisini niongee na mhusika, basi nikapiga, akapokea mama wa mapokezi, nikajieleza vizuri tu, akasema harakaharaka "I'll put you through" halafu kimya. Mi "put" nilikuwa naijua tangu vitabu vya mwanzo kabisa, ni kuweka, na "through" ni kupitia, sasa ananiweka ananipitisha wapi? Nikaona labda ndo ananiambia kistaarabu kwamba nimekosa. Nikakata simu. Roho iliniuma sana siku ile.

Jioni nikamsimulia kaka yangu mkubwa, ye Kiingereza anakijua, akasema, "Mdogo wangu, yule alikuwa anakuunganisha na huyo mtu." Nikambishia, kamusi si inasema kuweka? Akaniuliza, "Na we ukipiga simu unaichapa? Ukipiga pasi je? Ukipiga magoti?" Nikanyamaza. Yaani miaka yote nasema piga hivi piga vile na sijawahi kuona kwamba maana inakuja na kile kinachofuata.

Usiku ule tukakaa na daftari: "put off" kuahirisha, "put out" kuzima moto, "put on" kuvaa, "put up with" kuvumilia, na hiyo ya mwisho, maneno matatu kwa jambo moja, ilinitesa kweli. Halafu kuna suala la "it". Unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", zote sawa, lakini ukileta "it" lazima ikae katikati, "put it off", ukisema "put off it" umekosea, wakati "put up with" yenyewe haigawanyiki hata kidogo, "it" inakaa mwisho. Mi naona hapa ndo wengi tunaachwa njiani, tunapewa orodha ya maana tu, neno linakaa wapi hatuambiwi. Kaka akanikataza kukariri neno peke yake, akasema tunga sentensi ya jambo lako mwenyewe. Nikaandika: "Don't put it off, call them tomorrow."

Kesho yake saa tatu asubuhi nikapiga. Mama yuleyule, "I'll put you through". Nikamshukuru nikasubiri, muziki ukalia weee, mkono unatetemeka, mpaka mtu akapokea.