Nyasi za Oktoba

Nimerudi nyumbani likizo, na Mtwara ya sasa hivi ni korosho na vumbi. Mvua za maana ziliisha Mei, na zijazo hatuzitegemei kabla ya mwisho wa Novemba, pengine Desemba. Viwanja vyote nilivyopita, kuanzia Chuno hadi Ufukoni, vimekauka. Zamani ningesema nyasi zimekufa, nikaendelea na safari yangu. Tangu nianze kusomea kilimo cha bustani SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na kuamua kwamba mimi nitajikita kwenye nyasi za viwanja vya mpira, nimezoea kuinama kwanza.

Jana jioni nilikwenda kwenye kiwanja cha shule niliyosoma. Karibu na kona nilipiga magoti, nikafukua kwa kisu kipande cha ukubwa wa kiganja. Juu palikuwa na majani makavu, rangi ya mkeka wa zamani, ukiyashika yanavunjika. Chini kidogo, kina cha kidole hivi, vikatokea vishina vyeupe, vinene, vyenye pingili, na kwenye kila pingili kuna kijicho kilichochongoka kinachongoja mvua. Nilikikata kimoja kwa ukucha. Kina maji. Ukoka huu haujafa. Umelala, na mvua za kwanza zikishanyesha utaamka wenyewe bila kubembelezwa.

Mbele ya goli hapakuwa na cha kufukua, kisu kiligoma kuingia. Nilikuwa na kopo la maziwa nililolitoa vifuniko pande zote mbili. Hicho ndicho kipimo changu cha kuangalia jinsi ardhi inavyonywa maji. Pale kona nililigongea ardhini, nikamimina nusu lita, ikanywewa mara moja kwa sababu ni mchanga. Mbele ya goli watoto walinizunguka kuangalia, wakachoka, wakarudi kucheza, maji bado yametuama ndani ya kopo. Hapo shimo lilikuwa limejazwa kifusi cha udongo mwekundu, kisha miguu ikakishindilia mwaka hadi mwaka mpaka nafasi zote za hewa zikaziba. Mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Watu wanamwagia urea mahali kama hapo wakitumaini nyasi zitaota, na urea haina uwezo wa kufungua ardhi.

Mjomba hajaikubali fani hii. Nilipomwamkia juzi, baada ya marahaba akaniuliza, "Mpwa wangu, ukoka huo huo bibi yako anaoung'oa kwenye mihogo, ndio umeufuata chuo kikuu?" Ndiyo mjomba, huo huo. Nikamweleza kwamba nyasi za aina ya Tifway, zilizopandwa kwenye viwanja vingi vya nchi za joto, zilitolewa mwaka 1960 huko Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, kwenye kituo alichofanyia kazi Glenn Burton, bingwa wa kuzalisha nyasi. Tifway ni chotara. Ina kromosomu 27, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli: 18 zimetoka kwenye ukoka, Cynodon dactylon, na 9 kwa ndugu yake mwembamba wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis. Hesabu hiyo ya kromosomu haigawanyiki sawasawa kwa jozi, kwa hiyo haiwezi kuzaa mbegu, ndiyo maana husafirishwa na kupandwa kwa vipande vya vishina, kama tunavyopanda mihogo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kilichomgusa zaidi, nadhani, ni nilipomkumbusha ubwiri unga, ule ugonjwa wa fangasi: mikorosho ilipougua, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walikaa na ugonjwa ule wakausoma, na leo hakuna mkulima wa hapa asiyejua salfa inapulizwa lini na kwa nini. Nyasi nazo zina fangasi wake, wadudu wake na njaa yake. Zinahitaji mtu wa kukaa nazo.

Vitabu vingi ninavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye maji. Marekani, vyuo kama Penn State na Michigan State vinafundisha fani hii kwa undani, na maandiko yao nayapenda kwa dhati. Humo nimejifunza kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkato mmoja, yaani ukitaka zibaki sentimita 3, zikate kabla hazijazidi sentimita 4 na nusu. Ukizinyoa kupita hapo, mizizi inadumaa. Nikifika kwenye umwagiliaji, hata hivyo, huwa naweka kalamu chini. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Kukipa milimita 4 tu za maji kwa siku ni lita 28,560. Kwa hesabu ya bombani, hayo ni madumu 1,428 ya lita 20, kila siku, miezi ile ile ambayo akina mama wanaamka alfajiri kutafuta maji. Sitaki elimu yangu iishie kuwa kitu cha kuwanyang'anya wao maji.

Ndiyo maana msimamo wangu umekuwa huu, na nimeuandika hata kwenye daftari la mafunzo kwa vitendo: kiwanja cha shule Mtwara kiachwe kikauke Oktoba. Tukipime kwa mizizi yake, kwa jinsi kinavyonywa maji, na kwa magoti ya watoto wanaoanguka juu yake. Nimecheza pekupeku kwenye kokoto. Najua kidonda cha goti kinavyoshikana na shuka usiku, na sioni kwa nini mtoto wa darasa la nne aendelee kuishi hivyo wakati nyasi ya kumkinga inaota yenyewe shambani kwao.

Viwanja vya ligi ni habari nyingine. Nangwanda Sijaona hapa mjini, au Majaliwa kule Ruangwa, haviwezi kulala, maana msimu unaanza katikati ya kiangazi. Hapo maji ni lazima, na nafuu ni kunywesha kwa wingi siku chache badala ya kurashia kila jioni, ili mizizi ifuate unyevu chini. Kwa visima vya karibu na bahari, vyenye maji ya chumvi chumvi, ningependekeza tufikirie paspalum, nyasi ya fukweni inayostahimili chumvi kuliko ukoka. Viwanja vya Kombe la Dunia la Qatar 2022 vilipandwa paspalum. Chini ya miembe ya shuleni ukoka hauwezi, unapenda jua kali. Hapo afadhali zile za majani mapana tunazoziita Pemba.

Leo asubuhi nimeonana na mwalimu mkuu, amekubali nijaribu. Tutaanza na goli la kaskazini peke yake. Kifusi tutakichokonoa kwa sululu na kuchanganya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Mvua zikishakolea, tutalaza vipande vya ukoka vyenye pingili tatu nne kwenye vijifereji, ncha zikichungulia nje. Nitakuwa nimesharudi Morogoro, kwa hiyo mwalimu wa michezo ndiye atakayesimamia, nami nimemwandikia kila hatua kwenye karatasi. Nahodha wa timu aliuliza watacheza wapi muda huo. Tumekubaliana magoli yahamishwe yaelekee upande wa barabara, yawe ya mianzi kwa sasa, na hata nyasi zikishika yaendelee kuhamishwa kila muhula, ili miguu isirudi kukanyaga sehemu ile ile.